Muhuri Uliokataliwa

Maandamano yalikuwa yameshavuka lango la shule, na Wino hakuwa na pa kutokea. Alishika mti mmoja wa bango. Wa pili alishika Kifimbo, mwenzake wa darasa la sita. Nyuma yao walikuja wazazi na wanafunzi themanini, wanne wanne. Kushoto ukuta wa ghala, kulia mtaro wa maji machafu. Ukisimama unakanyagwa, ukirudi huna pa kupenya.

"Tunataka matuta!" waliimba. "Barabara iwekwe matuta!"

Kifimbo aliimba kuliko wote. Mdogo wake alikuwa nyumbani, mguu umefungwa plasta, baada ya kugongwa na pikipiki mbele ya shule.

"Mbona huimbi? Umemeza kijiko?"

"Koo linauma," Wino alijibu.

"Basi inua bango. Upande wako umelala kama mgonjwa."

Hatua tatu mbele alitembea Shangazi yake Wino, fundi cherehani na msimamizi wa maandamano. Kwapani alibana mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na nakala ya taarifa ya maandamano, imegongwa muhuri wa kituo cha polisi: IMEPOKELEWA. Hakuna aliyeujua muhuri ule kama Wino. Aliugonga mwenyewe.

Mambo yalianza Jumatatu. Shangazi alikuwa na sare arobaini za kumaliza, Wino akajitia ushujaa. "Niachie mimi, Shangazi. Kituo napajua kama kwetu."

Askari wa kaunta aliisoma taarifa, akairudisha. "Imeandikwa vizuri. Siku, saa, njia, idadi ya watu, vyote vimo. Ila aje msimamizi mwenyewe na kitambulisho chake. Na awahi, maana hapa kwetu taarifa inapokelewa saa arobaini na nane kabla."

"Lakini Shangazi amenituma mimi."

"Shangazi yako akitaka kunyolewa, atatuma kichwa chako?"

Foleni nzima ilicheka. Wino alitoka masikio yakimwaka moto. Arudi kwa Shangazi akaseme nini, baada ya majigambo yote yale?

Miguu ikampeleka kwenye kibanda cha baba yake nyuma ya posta. Baba alikuwa mchonga mihuri, na vidole vya binti yake havikukaukiwa rangi. Ndiyo maana akaitwa Wino. Chini ya meza palikuwa na kopo la mihuri yenye kasoro. Mmoja ulikuwa wa kituo cha polisi, uliokataliwa mwaka jana kwa sababu herufi zilikaa upande. Baba alitakiwa kuukata vipande. Kila siku alisema, "Nitaukata kesho." Baba alipotoka kununua mpira wa kuchongea, Wino aliuchovya rangi, akaugonga juu ya taarifa.

"Mtoto wa kaka yangu, umeshakuwa mtu mzima!" Shangazi alimsifu. Akaitia karatasi ile mkobani.

Sasa maandamano yalikuwa yanafika mwisho wa barabara. Pale njia panda lilisimama gari la polisi, limekaa kimshazari. Wino alitaka kumwita Shangazi. Kabla hajamwita, Baba alikuja mbio kutoka nyuma, jasho likimtiririka.

"Msiogope, wanangu. Karatasi tunayo!" alisema, akampigapiga Wino begani.

Sajenti aliinua mkono. "Msimamizi ni nani?"

"Ni mimi, afande."

"Mama, hatuna taarifa ya maandamano leo."

"Mnayo, afande. Mmeigonga muhuri wenyewe. Subiri nikuonyeshe."

Shangazi alifungua mkoba. Karatasi ikatoka nusu. Sajenti akanyoosha mkono. Wino alitazama saini ya Shangazi chini ya ukurasa, akatazama vidole vya Baba vyenye rangi ileile ya muhuri. Akauachia mti. Bango likamfunika Kifimbo kichwa.

"Usimpe, Shangazi! Muhuri nimegonga mimi. Taarifa haikufika."

Waliokuwa mbele waliacha kuimba. Waliokuwa nyuma hawakusikia, wakaendelea kuimba.

"Unasema nini wewe?" Shangazi aliuliza.

Wino alieleza yote, hata foleni iliyomcheka. Baba alishika kichwa. "Ule wa kwenye kopo?"

"Ndiyo, Baba."

Sajenti aliichukua karatasi, akaikunja. "Mama, ungenikabidhi hii kabla mtoto hajasema, ungelala mahabusu, na huyu mchonga mihuri pembeni yako. Njia hii inakwenda hospitali. Tukipata taarifa, tunawaambia madereva wa magari ya wagonjwa wapite kwingine. Leo hatujamwambia mtu. Geukeni, mrudi."

Kifimbo alijitoa kwenye bango, macho mekundu. "Kwa hiyo mdogo wangu kavunjwa mguu, na matuta yachelewe kwa uongo wako?"

Wino aliinama, akaanza kulikunja bango.

"Ndugu zangu, tunarudi," Shangazi alitangaza. "Tembeeni pembeni. Kosa ni la kwetu."

Njiani alimshika Wino mkono, akamweleza ya moyoni. "Mimi nilikosea kumtuma mtoto kazi yangu. Baba yako alikosea kwa kesho zake. Kosa lako wewe si kukataliwa. Kukataliwa si kosa. Ungesema tu, 'Shangazi, wamenirudisha,' ningeacha cherehani nikaenda. Ulikimbia aibu ya dakika moja, ukawatwisha watu themanini. Aibu ndogo ibebe mwenyewe, mwanangu, ingali ndogo."

Baba alihojiwa siku mbili. Mihuri yote ya kasoro ilikatwa mbele ya polisi, akapewa onyo la maandishi, na ofisi mbili zikaacha kumpa kazi. Shangazi alipeleka taarifa mpya mwenyewe, na kitambulisho chake. Maandamano yalifanyika wiki iliyofuata. Walikuja watu hamsini na wawili. Matuta mawili yalijengwa baada ya miezi minne, la tatu bado. Mdogo wake Kifimbo anatembea, anachechemea kidogo. Kifimbo hakumsemesha Wino muhula mzima, kisha akaanza kumsemesha. Wino aliandamana mara ya pili pia, mstari wa mwisho, bila bango.