Nani Aliyetoa Namba?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uzi alisimama na mama yake mbele ya ukuta wa chumba cha kushonea, wakasoma pamoja karatasi iliyobandikwa pale: "Zima jiko. Funga mlango. Chomoa pasi." Mama alisoma polepole, kidole juu ya kila neno, na akikosea alijicheka mwenyewe. Jina la Uzi alilitunga yeye, kwa wembamba wa binti huyo, na majirani wote wakalishika.

Mama alikuwa fundi cherehani. Mwaka mmoja na nusu uliopita aligongwa na pikipiki, kichwa kikapiga ukingo wa barabara, ubongo ukaumia. Mikono yake haikusahau kushona, lakini mambo ya jana yalimponyoka. Maneno nayo yalimjia kwa kuchelewa, na watu wengi hawana subira. Ndiyo maana alikipenda mno kikundi cha mtandaoni cha watu walioumia kichwa kama yeye. Humo aliandika, akafuta, akaandika tena, na hakuna aliyemkatiza. Bila kikundi kile, angeshinda anaongea na cherehani.

Mtaalamu wa kliniki alikuja kumwona kila Jumanne. Uzi alimwita daktari, ingawa mwenyewe alikataa kila mara. Nyuma ya simu ya mama mtaalamu huyo alibandika kikaratasi: "Ngoja. Soma tena. Uliza." Uzi alikiona ni cha wagonjwa, si cha mtu mwenye akili zake timamu.

Siku moja mama alituma picha ya gauni kwenye kikundi cha wazazi wa shule, akasahau, akaituma tena na tena.

"Gauni la mama yako limezaa mapacha wanne," mwenzake mmoja alimwambia Uzi darasani, na wote wakaangua kicheko. Uzi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu siku hiyo, mama akijipumzisha mchana, Uzi aliichukua simu kimyakimya. Alifuta ujumbe aliouona wa aibu na kuwajibu watu kwa jina la mama. Alijiambia anasaidia, kumbe alikuwa anajikinga na kicheko cha wenzake. Ijumaa moja ukaingia ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua: akaunti ya mama itafungwa, ili kuiokoa atume tarakimu sita zilizofika kwenye simu sasa hivi. Kikaratasi kilikuwa chini ya vidole vyake. Uzi akatuma.

Kabla jua halijazama, akaunti ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Huyo mtu alianza kuwatukana wanakikundi kwa jina la mama, akawatumia na picha chafu. Mwenyekiti wa kikundi alipiga simu akiwa amekasirika, akasema huenda mama alimpa mtu namba ya siri. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia binti yake.

"Uzi, kuna mtu nilimpa namba?"

Uzi alifungua mdomo kusema kweli. Kilichotoka kilikuwa kingine. "Ndiyo, Mama. Ulisahau tu."

Mama aliamini. Atabisha vipi mtu asiyekumbuka jana yake? Aliizima simu, akaifungia kwenye mkebe wa vifungo, akaifunika cherehani kwa shuka.

Uzi alidhani uongo ni wa mara moja. Jumamosi asubuhi mama aliamka, akapapasa meza. "Simu yangu iko wapi?" Ikabidi Uzi amwambie upya, na mama akalia upya, kama mtu anayepokea habari ya msiba. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu hivyo hivyo, na chakula hakugusa. Uzi naye hakula wala hakulala vizuri. Alimwona mama yake akizimika mbele ya macho yake, na dawa alikuwa nayo yeye, na ulimi hauinuki.

Jumanne asubuhi mama hakuuliza kitu. Ukutani kulikuwa na karatasi mpya, mwandiko wa mama umepinda: "Mimi nilitoa namba. Niliwaumiza watu. Nisiguse simu tena."

Uzi aliibandua, akaketi nayo chini. Mtaalamu alipobisha hodi alimkuta sakafuni, karatasi imekunjamana mkononi, analia.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyetoa namba, Mama. Hukukosea. Siku zote hizi ulilia bure."

Mama alimsogelea. "Sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe."

"Sikuwa mimi," alirudia, kisha sauti ikapanda. "Siku zote hizi unaniona nalia, ukaniacha?"

Mtaalamu alimkalisha mama kwenye kiti, akampa maji. "Dada, akaunti tutaifuatilia leo hii. Na mwenyekiti nitampigia mwenyewe."

Ilichukua siku sita za kusumbuana na kampuni, lakini akaunti ilirudi, na wanakikundi wakampokea mama kwa salamu nyingi. Mtaalamu akampa mama utaratibu anaoujua toka kwenye ushonaji wake. "Kabla ya kushona moja kwa moja unapiga bandi, si ndiyo? Mishono mirefu ya muda, mteja ajaribu, kisha ndiyo unashona. Ujumbe nao upige bandi. Uandike daftarini, utie kwanza uzi kwenye sindano, kisha urudi uusome. Ukikupendeza, tuma. Ukikutia shaka, uliza." Mama alilishika hilo, kwa kuwa liliishi mikononi mwake.

"Na wewe, mwanangu, sikiliza," mama alimwambia Uzi. "Kumbukumbu yangu ina matundu. Ukiyaziba kwa uongo, mimi najijuaje? Ukitaka kunisaidia kaa kando yangu, usikae mahali pangu. Kosa kila mtu hukosea, mzima na mgonjwa. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

Asubuhi iliyofuata mama alipapasa meza, akaikuta simu, akasita kuigusa. "Uzi, hivi nani aliyetoa namba?"

"Ni mimi, Mama."

"Nikisahau nitakuuliza tena kesho."

"Na mimi nitakwambia tena," alijibu Uzi, akavuta kigoda na kukaa kando yake, mikono mapajani, huku mama akifungua daftari.