Mkanda wa Saa Uliosifiwa Mno

Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Kibiriti anafagia uani, anajaza ndoo, anatafuta soksi ya pili ambayo haionekani, na huku mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda anakuna mkono. Kru, kru, kru! Alikuna kifundo cha mkono wa kushoto, pale pale inapokaa saa, mpaka ngozi ikachubuka.

"Mama, usikune!"

"Sikuni, mwanangu. Napapasa tu."

Kibiriti lilikuwa jina la utani. Shangazi yake ndiye aliyempachika, kwa sababu msichana huyu hakuhitaji kuguswa mara mbili ndipo awake. Ukimwambia nywele zimekaa upande, anawaka. Ukimwambia ndoo haijajaa, anawaka. Kisha ananuna, na kununa kwake kulikuwa kwa kukaa nako, si kwa kupita. Nyumba nzima ilikuwa imezoea kumzunguka kwa tahadhari.

Mama yake alikuwa mwoka mikate. Alisimamia tanuri kubwa katika bekari ya mtaa wa pili, kazi aliyoipata baada ya kufagia na kubeba magunia ya unga kwa miaka mingi. Na kazi ya tanuri ni kazi ya saa. Ukiwahi kutoa mkate ni mbichi, ukichelewa ni makaa. Saa ya ukutani ya bekari ilikuwa imekufa zamani, na msimamizi kila siku aliahidi kuleta fundi ambaye haji. Basi mama alitegemea saa yake ya mkononi yenye mkanda wa plastiki. Joto, jasho na unga vikanaswa chini ya plastiki ile, vikamletea vipele.

Muuguzi wa zahanati alimpa dawa ya kupaka, lakini alimwambia waziwazi, "Dawa hii haitafua dafu kama utaendelea kufungia jasho. Tafuta mkanda wa kitambaa, unaopitisha hewa, unaofulika. Na usiukaze."

"Nitakushonea mimi," Kibiriti akadakia. Alikuwa amejifunza cherehani kwa shangazi yake, dada ya baba, ambaye alikuwa fundi nguo barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwao.

Kesho yake alimpima mama alfajiri, mama akiwa bado ana usingizi, mkono umelegea na umesinyaa kwa baridi ya asubuhi. Akachagua kipande cha jinzi, kile kinene kuliko vyote, akakikunja mara mbili ili kisichakae upesi. Kwenye ncha akatia kifungo kimoja, na juu yake akatarizi ua jekundu. Lilikuwa ua zuri kweli, usiseme! Ila mafundo yote ya uzi yalijikusanya upande wa ndani, pamoja na mshono.

Shangazi alichungulia juu ya miwani yake. "Umempima mama yako saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Sasa mkono wa asubuhi na mkono wa mbele ya tanuri, hivi kweli..."

"Shangazi! Si uniache nimalize kazi yangu?"

Shangazi akainua mikono juu. "Haya. Mimi simo." Akarudi kwenye suruali aliyokuwa anaipunguza.

Jioni ile mama aliupokea mkanda kwa mikono miwili. Akauvaa, akaugeuza, akausogeza karibu na taa. "Jamani! Leo mkono wangu umekuwa bibi harusi!" Alisifu uzi, akasifu ua, akamwita jirani naye aje asifu. Kibiriti alilala kichwa kimevimba kwa raha.

Raha ile haikudumu. Mama alitoka na mkanda mkononi kila asubuhi, akarudi nao mkononi kila jioni, na bado alikuna. Kru, kru! Tena kulikuwa na jambo jingine lililomkera Kibiriti. Mama alirudi ana unga kwenye nyusi, unga masikioni, unga mpaka ndani ya viatu, lakini mkanda ulikuwa safi kana kwamba umetoka kabatini.

"Mama, mbona mkanda haujachafuka?"

"Nautunza, mwanangu."

"Mtu anautunzaje mkanda mbele ya tanuri?"

"Natunza tu. Hebu niletee maji ya kunawa."

Kibiriti aliyaleta maji, akaitua ndoo kwa kishindo. Alikuwa na hasira lakini hakujua amkasirikie nani. Akamkasirikia muuguzi. "Yule dada hajui kazi," akasema. "Mkanda wa kitambaa huo hapo, na vipele viko pale pale!"

Shuleni ndiko mambo yalikoharibika zaidi. Rafiki yake waliyemwita Chiriku, maana domo lake halikupumzika hata darasani, alikaa karibu naye wakati wa mapumziko. Mama yake Chiriku alifunga mikate kwenye karatasi katika bekari ile ile.

"Umesikia? Mama yako kaunguza mikate jana. Trei nzima! Msimamizi alipiga kelele mpaka paka wakakimbia."

"Mama yangu haunguzi mikate. Ana saa."

"Mimi nakwambia nilichosikia nyumbani. Tena ni mara ya pili. Eti ikiungua tena, anarudishwa kwenye kufagia, tanuri anapewa mtu mwingine."

"Na wewe ukasikia, ukaja kunitangazia!" Kibiriti akainuka akaenda kukaa peke yake. Alijiumauma midomo. Mama aondolewe kwenye tanuri? Kazi aliyoingoja miaka yote ile? Na amwambie nani, wakati nyumbani kila ukiuliza unaambiwa ulete maji?

Baada ya masomo hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya bekari, kwenye dirisha la wavu linalotoa hewa ya moto. Akachungulia.

Mama alikuwa mbele ya tanuri, amevaa glavu nene fupi. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kitupu. Kibiriti alipangusa macho akatazama tena. Hakuna saa! Mara mama akavua glavu moja, akafuta vidole kwenye aproni, akaingiza mkono mfukoni, akapekua, akaitoa saa pamoja na ule mkanda wenye ua. Akaitazama, akashtuka, akairudisha mfukoni, akahangaika kuvaa glavu. Kufikia hapo harufu ilikuwa imeshabadilika. Alipovuta trei, mikate ya nyuma ilikuwa imeiva kupita kiasi, kahawia ya kuelekea nyeusi.

Msimamizi akatokea. Wafanyakazi walimwita Bwana Sitaki Sababu, na sasa Kibiriti alielewa kwa nini.

"Mama, hii ni nini?"

"Nilikuwa natoa saa mfukoni, ndipo..."

"Sitaki sababu! Hii haijawa makaa, bahati yako. Kesho nasimama hapa mwenyewe. Ikiungua hata trei moja, chukua ufagio."

Mama aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa." Kibiriti alitaka kuuvunja ule wavu kwa ngumi.

Mama alipotoka kazini alimkuta binti yake ameegemea ukuta, macho mekundu.

"Uliniambia unauvaa!"

"Mwanangu..."

"Ulisema mkono umekuwa bibi harusi! Ukamwita na jirani! Kumbe bibi harusi anakaa mfukoni! Mama, kwa nini?"

Mama akanyoosha mkono. Ulikuwa umevimba kidogo kwa joto la kutwa nzima, na mchubuko ulikuwa umezunguka kifundo, na katikati yake alama ndogondogo za mafundo ya uzi. "Unabana," akasema polepole. "Asubuhi unanikaa. Nikishaanza kazi mkono unajaa, mkanda unanikata. Na ule mshono wa ndani unanichoma. Nikaona niuvue nikifika, niuvae nikitoka."

"Si ungeniambia?"

"Ungenuna."

Kibiriti akafungua mdomo ili awake, akakosa moto. Ni kweli, angenuna. Machozi yakamtoka kwa ghadhabu. "Bora ningenuna! Ningenuna wiki nzima, lakini ungekuwa na mkanda! Sasa kesho wanakupa ufagio kwa sababu ya kunionea huruma mimi!"

"Nilidhani huko ndiko kukupenda," mama akasema. "Twende kwa shangazi yako. Twende sasa hivi, mkono ukiwa hivi hivi."

Shangazi alisikiliza habari yote bila kuacha kukanyaga cherehani. Aliposikia kuhusu mfukoni, akasimamisha gurudumu.

"Wote wawili mmenichosha," akasema. "Huyu anauliza hataki kujibiwa, na huyu anajibu uongo. Na mimi niliyesema simo, nimo. Lete mkono. Kunja ngumi."

"Kwa nini ngumi?" Kibiriti akauliza.

"Mama yako anafanya kazi amelegeza mkono? Anashika trei. Mpime akiwa ameshika."

Kibiriti akampima mama, mkono ukiwa wa moto na ngumi imekunjwa. Akachagua pamba nyepesi ya shuka la zamani, lililofuliwa mpaka likawa laini. Mshono akaugeuzia nje. Kifungo akakibandua kwenye ule mkanda wa jinzi. Akashona, akaupitisha chini ya saa, akamvisha mama.

Mama akatabasamu. "Nzu..."

Shangazi akakohoa.

Mama akajirekebisha. "Unaning'inia. Ona, saa imezunguka mpaka chini."

Pua za Kibiriti zikatanuka. Shangazi alimtazama, mama alimtazama, hata mteja aliyekuja kuchukua suruali alimtazama. Msichana akavuta pumzi, akachukua wembe, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja. Alijichoma sindano, akafyonza kidole, akanung'unika kwamba huu ushoni ni laana na atakuwa dereva. Lakini alishona tena.

"Sasa?"

"Hapa pembeni unanikwaruza kidogo."

Akafumua tena. Giza lilikuwa linaanza kuingia barazani alipomvisha mara ya tatu. Mama akakunja ngumi, akaikunjua, akazungusha mkono. Shangazi akaingiza kidole kimoja chini ya mkanda, kikapita bila kusukumwa.

"Sasa?" Kibiriti akauliza kwa sauti ndogo.

"Sasa sijui kama nimeuvaa."

"Kweli, mama?"

"Kweli tupu. Na lile ua nalipenda, hilo sikukudanganya. Ningependa lirudi."

"Litarudi kwenye ncha," shangazi akasema, "pale inapolala juu ya kitambaa. Fundo halitagusa ngozi. Na shona mkanda wa pili, mmoja ukifuliwa mwingine uvaliwe. Kitambaa chenye jasho la juzi hakina tofauti na plastiki."

Kesho yake Kibiriti alitoka shule mbio, akaganda kwenye dirisha la wavu. Bwana Sitaki Sababu alikuwa amesimama kando ya tanuri, mikono nyuma, kama alivyoahidi. Mama alikuwa na glavu zake. Hakupapasa mfukoni. Aligeuza tu mkono, akatupa jicho kwenye kifundo, akangoja kidogo, akafungua mlango wa tanuri. Trei ya kwanza ikatoka. Ya pili. Mikate yote ilikuwa ya rangi moja, kuanzia ya mbele mpaka ya nyuma kabisa. Msimamizi akaikagua, akaugeuza mmoja, akaugonga kwa kidole, akaguna, akaondoka bila kutaja ufagio. Kibiriti aliruka ruka pale nje mpaka Chiriku, aliyekuwa amemfuata, akamshika sketi.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, mama alimshika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Nilikusifu ili ufurahi, na sifa ile ilikaribia kunipokonya kazi. Anayekupenda akuambie ukweli, na wewe unayeupokea usiugeuze kuwa vita. Kazi haikui kwa makofi peke yake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Kibiriti akasema. "Lakini na wewe usikune."

"Sikuni. Tazama, vinaanza kukauka."

Haikupita wiki, mtu akabisha barazani kwa shangazi. Alikuwa Bwana Sitaki Sababu mwenyewe. Alikunja mkono wa shati, akaonyesha saa yake yenye mkanda wa chuma unaomng'oa vinyweleo.

"Nasikia kuna fundi hapa," akasema, akitazama juu ya kichwa cha Kibiriti.

Fundi alimpima, akashona, akamvisha. Msimamizi akautazama mkono wake, uso ukalainika. "Mzuri," akasema, akageuka aondoke.

"Subiri kwanza," Kibiriti akamwambia. "Kunja ngumi, ndipo useme."