Kilima Kilichozama Mchangani

Ndugu zangu wa Kathonzweni, na nyinyi wa ng'ambo ya mto mnaojifanya hamkuwapo, hebu nisikilizeni. Habari za nyumba ya Ndeti mnazijua, lakini mnazisimulia vibaya. Mnasema ulikuwa mkosi. Mimi Bilha, muuza vitambaa, nimekuwa jirani yake tangu nilipokuja kutoka Murang'a, na nawaambia haukuwa mkosi.

Boma lile lilikuwa la amani. Jioni Ndeti akifunga duka lake, maksai wake wawili, Chuma na Posta, walikuwa wakipanda kutoka mtoni na mkokoteni wenye pipa la maji. Juu ya pipa alikaa Kalunde, mtoto wake wa pekee, akiimba nyimbo za shule ya Jumapili kwa sauti ya kuchekesha. Maksai wale walilima, walileta maji, na lori likikwama katika mchanga wa mto, dereva alijua mlango wa kubisha. Mbinya, mkewe Ndeti, aliwalambisha chumvi mkononi mwake kabla hajampa mumewe chai, na mumewe alikuwa akimtania kwamba ameolewa na ng'ombe.

Kisha ikaja ile mvua ya El Niño, ikakatakata barabara zote. Maji yalipokauka, Ndeti akaanza kuota gari. Hakutaka pikapu kama ile ya Mulei, mwenye duka ng'ambo ya mto, ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Alitaka yale magari mapya madogo yenye umbo la jeep, yaliyoinuka juu, yenye gurudumu la akiba mgongoni. Akauza ng'ombe, akauza na shamba la bondeni, na mwisho akawauza Chuma na Posta kwa mtu wa Kikima. Mbinya alimuuliza watalima na nini. Akajibiwa kwamba mtu mwenye gari hukodi trekta.

Gari likaja kutoka Mombasa, jeupe kama maziwa. Gurudumu la mgongoni lilikuwa na kifuniko chenye picha ya mlima wenye theluji, basi watoto wakaliita Kilima. Jumapili ile Ndeti alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema gari hili linavuta kwa magurudumu yote manne, kwamba halijui matope wala mchanga, na kwamba Bwana amemtoa nyuma ya mkia wa ng'ombe. Tukapiga makofi. Mchungaji akaliombea. Ndani ya mwezi mmoja Ndeti akafanywa mzee wa kanisa, na mtu asiniambie ni kwa sababu ya kuijua Biblia.

Sasa, pipa lilikuwa bado lipo na mkokoteni ulikuwa bado upo, lakini wa kuuvuta hakuwapo. Maji yakawa ya mgongoni. Mbinya na Kalunde walishuka mtoni, wakafukua mchanga, wakangoja maji yajikusanye, wakapanda na mitungi, kamba zikiwa zimewakata vipaji vya nyuso. Mtoto alikuwa na miaka minane. Na kila Jumamosi, katika kiangazi ambacho sisi wengine tulikuwa tukinawia uso maji ya kuoshea vyombo, Ndeti aliliosha gari lake mpaka theluji ya ule mlima ikang'aa. Nilimwambia ni aibu. Akacheka, akaniambia watu wa Murang'a tumezoea mito inayotiririka, hatuwezi kuelewa vumbi.

Jumamosi moja ya Oktoba, Kalunde alileta maji ya kupikia asubuhi. Baba yake akayamwagia gari, kwa kuwa kesho yake alikuwa amchukue mgeni wa kanisa. Mtoto akarudishwa mtoni jua likiwa utosini. Njiani kulikuwa na kichaka, akakaa kivulini kupumzika, na kifutu naye alikuwa amelala katika kivuli hicho hicho. Nyoka yule akamwuma pajani.

Mbinya aliposikia kilio alimkimbilia, akamleta nyumbani mikononi, nami nikafika mbio; tayari alikuwa ameshajua la kufanya. Alitaka kuvuka mto kwa miguu hadi kwa Mulei, awahi pikapu impeleke mtoto hospitali. Ni mwendo mfupi, hata wazee huuenda kununua chumvi. Alikuwa anajifunga leso amweke Kalunde mgongoni, Ndeti akamshika mkono.

"Na hii gari ni ya nini?" akamwuliza.

Mbinya akaamini. Ni nani asingeamini? Sote tulikuwa tumeambiwa kanisani. Tukaingia, mimi nikimshika mtoto miguu na mama yake akimshika kichwa, na Kilima kikateremka mtoni. Kilifika katikati ya mchanga, kikapunguza mwendo, kikaanza kulalama. Magurudumu yakazunguka mahali pamoja mpaka tumbo la gari likakalia mchanga.

"Weka ile gia ya kuvuta na zote nne," Mbinya akamwambia.

Ndeti akakanyaga mafuta tena, na gari likazama zaidi.

"Baba Kalunde, iweke."

"Haina."

"Haina nini?"

"Haina hiyo gia, Mama Kalunde. Ni mbili tu ndio zinavuta. Hata huko Mombasa waliniambia."

Mnasikia? Alijua. Watengenezaji hufanya umbo moja la gari wakaliuza katika nchi nyingi. Mahali pengine hupeleka lenye kuvuta kwa manne, na penye lami tupu hupeleka la mawili, na kwa nje yote ni mamoja. Muuzaji hakumficha. Ni yeye aliyetuficha sisi, kwa sababu ya makofi.

Hapo bado kulikuwa na nafasi. Mbinya alifungua mlango atoke na mtoto, Ndeti akamsihi angoje kidogo, linakaribia kutoka. Vijana wakaja, wakafukua, wakatandika majani ya mkonge chini ya magurudumu, wakasukuma. Likasogea hatua moja, likazama tena. Mutie, fundi wa viatu, akauliza kama hakuna maksai wa kulivuta. Ng'ombe wa watu walikuwa wamepelekwa malisho ya mbali kwa ajili ya ukame, na wale wawili ambao kila siku walikuwa hapa mtoni walikuwa Kikima wakilima shamba la mtu mwingine. Ndeti akasema mara moja tu, mara moja ya mwisho. Alisema hivyo mpaka jua likaanza kushuka, na paja la mtoto lilikuwa limevimba likawa jeusi.

"Mwaitu, kiu," Kalunde akamwambia mama yake. Ndani ya gari lile hamkuwa na tone la maji.

Mbinya hakungoja tena. Akamweka mgongoni akakimbia nasi nyuma yake, mpaka kwa Mulei. Pikapu ya mlango wa kamba iliwaka kwa jaribio la kwanza. Kalunde alikata roho njiani, kabla hatujaiona lami. Nilipogeuka tukiondoka, Ndeti alikuwa bado ameshika usukani katikati ya mto.

Tulizika Jumatano. Mvua ilikuja Novemba, ikamkuta kila mtu shambani isipokuwa wao. Trekta halikukodiwa. Usiku mmoja mto ulishuka kwa nguvu, na asubuhi hatukuona gari, tuliona kile kifuniko cha mlima tu, kimetokeza kwenye mchanga. Mafuriko ya pili yalikifunika nacho. Mbinya alirudi kwa ndugu zake Mbooni, na hajatuma salamu. Ndeti hushuka mtoni kila siku. Wakati wa kiangazi hufukua mchanga kama mtu atafutaye maji, lakini hajawahi kuleta mtungi.

Mafunzo

Wazazi, kitu chochote mnachokinunua kisinywe maji ya mtoto. Wanaume, msiuze kinachowalisha ili mpate cha kutazamwa. Na sisi wa kanisa tuliopiga makofi, tujue kwamba kuna mtu huogopa kupoteza makofi kuliko kupoteza mtoto, na sisi ndio tunaomfundisha woga huo.

Lakini zaidi ya yote, mwambie mkeo ukweli. Kama gari halivuti, sema halivuti. Mbinya angeambiwa neno hilo moja pale uani, leso ikiwa tayari mkononi mwake, angekuwa kwa Mulei kabla chai haijapoa.