Wageni wa Njia ya Majivu

Jua lilikuwa limeshaegemea baharini Iolu alipotoka nyumbani na mzizi wa kava kwapani, wa kutengenezea kinywaji cha jioni, akijifanya mtu mwenye shughuli. Ukweli ni kwamba alikuwa anamkimbia mkewe.

Si kwamba Losalin alikuwa mkali. Ingekuwa nafuu. Losalin alikuwa anakunja nguo. Kila nguo ikiingia kwenye begi, Iolu anahisi kama amechomolewa ubavu. Keshokutwa pikapu ingempeleka uwanja wa ndege, na ndege impeleke Nyuzilandi kuchuma matofaa. Kaka yake Iolu naye alikwenda kuyachuma. Alituma picha moja, amesimama kwenye theluji na mwanamke mwingine. Basi.

"Wageni wako wakija, sitaondoka," Losalin alikuwa amemwahidi.

Hawakuja. Mwaka mzima Iolu aliipanga safari yao: asubuhi msituni kutazama ndege, mchana chemchemi za maji moto, alasiri ngoma za mila, na jua likizama, ukingoni mwa mlima unaotema moto. Alijenga vibanda; popo wakahamia. Alikwenda kuijaribu chemchemi mwenyewe, akaungua makalio, na kijiji kizima kikaja kutazama. Hao ndio watalii pekee aliowahi kuwapata. Leo lilikuwa lifike kundi la kwanza, lakini mlima ukatapika majivu, ndege ikageuza hukohuko angani.

Kwenye uwanja wa wanaume, mjomba wake Kausiama alimsogezea kifuu cha kava.

"Mkurugenzi," akanong'ona, maana hapo jua likizama hakuna anayepaza sauti. "Popo wameamkaje?"

"Niache, mjomba."

"Kunywa basi. Una uso kama wa nguruwe aliyeona moto."

Iolu akanywa. Huku kisiwani Tanna, funda la mwisho hutemwa kuelekea msituni, na mtu akasema haja yake. Waliokufa husikiliza hapo. Kila mwanamume amefundishwa: taja unachotaka, taja unamtaka nani, kisha nyamaza. Iolu naye alifundishwa. Lakini tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, na kava ilikuwa imeshampanda kichwani.

Akatema.

"Waje," akanong'ona. "Yeyote. Nitawaongoza njia nzima. Na Losalin asiondoke."

Msitu ukanyamaza. Hata panzi.

Alipokaribia nyumbani, aliwakuta chini ya kibao chake cha KARIBUNI. Wanaume kwa wanawake, kimya, hawana mizigo. Majivu yalikuwa yakiwaangukia mabegani na hawakuyapangusa. Na harufu... Sukari iliyoungua. Harufu nzito, tamu, ya kutia kichefuchefu.

"Ni wewe unayewaonyesha watu kisiwa?" aliuliza mzee wa mbele.

Alisema lugha ya nyumbani, ila kwa lafudhi ambayo Iolu aliisikia mara ya mwisho kwa bibi yake, naye bibi alishazikwa.

"Ni mimi."

"Tulisikia unaita."

Mtu aliyekata tamaa hachunguzi bahati. Iolu alikimbia mlangoni. "Losa, mama, acha hizo nguo. Wageni wamekuja. Kwaruza viazi vikuu, funga laplapu kwenye majani."

Losalin alichungulia, akavuta hewa puani. "Wametokea wapi?"

"Ng'ambo ya mlima, sijui. Wametembea."

"Wametembeaje?" Alimshika mkono, akamwonyesha njia. Juu ya majivu mapya kulikuwa na alama za miguu. Za Iolu. Zake tu.

"Ni giza hilo," alisema Iolu, akaondoka nao haraka asije akaamini.

Kwenye chemchemi alianza maelezo aliyoyakariri mwaka mzima. "Hapa, wageni wetu, ndipo wahenga..."

"Hapa palikuwa na bustani ya mama," alisema mwanamke mmoja taratibu. Akapiga magoti, akaanza kupapasa ardhi.

Kwenye uwanja wa ngoma Iolu aliimba wimbo wa mavuno, kwa sauti ile ambayo Losalin huiita ya mbuzi mwenye mafua. Hakuna aliyecheka. Mzee alimsahihisha ubeti wa pili. "Dada yangu ndiye aliyeutunga," alisema. "Asubuhi ile."

Iolu hakuuliza asubuhi gani.

Wakapanda mlima. Katika kundi zima alisikia pumzi moja tu ikihema. Yake.

Ukingoni moto ulinguruma, mwanga mwekundu ukapanda. Ndipo akaiona mikono yao, imejaa makovu ya panga, na suruali za kitambaa kigumu zilizokatwa magotini, za zamani sana.

"Mlikuwa wapi?" akanong'ona.

"Kwenye miwa."

Kila ukoo Tanna una majina ya watu waliopakiwa melini enzi za babu wa babu, wakapelekwa mashamba ya miwa Kwinslandi, huko Australia. Majina hayo huitwa kwenye kila msiba. Hawakurudi.

"Safari imeishia hapa," alisema Iolu. "Ahsanteni kwa kututembelea."

"Uliomba mawili," alisema mzee, akatazama nyuma.

Losalin alikuwa anapanda, miguu mitupu, kikapu cha laplapu kichwani. Macho yake yalikuwa wazi. Hayakumwona.

"Losa!" Alimkumbatia. Alikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. "Mwacheni! Nilikosea. Aende, hata asirudi, aende tu!"

Mzee aliinama, ile harufu tamu ikamjaa Iolu kooni.

"Hakuna wa kwetu atakayepakiwa tena."

Iolu alimbeba mkewe mgongoni mpaka nyumbani, akilia njia nzima.

Asubuhi Kausiama alikuja, akasimama mlangoni bila mzaha. "Jana ulitema ukasema nini?"

"Waje."

"Nani?"

"Yeyote."

Mjomba alivua kofia yake. "Mtoto wa dada yangu. Hukusema walio hai."

Jioni ile Iolu alikunywa mpaka miguu ikamkataa. Akatema, akaomba, akatema tena. Aende. Mwacheni aende. Alijibiwa na harufu ya sukari iliyoungua.

Pikapu ikaja siku yake, ikapiga honi. Iolu mwenyewe alibeba begi, akamvuta mkewe mkono. Mwaka mzima alikuwa ameomba asiondoke. "Panda, mke wangu. Nakusihi."

Losalin alitaka kupanda. Hilo ndilo lililomvunja Iolu. Mwenyewe Losalin aliushika mguu wake kwa mikono miwili, akaunyanyua, na mguu ukabaki chini kama umeota mizizi. Kausiama na dereva wakasaidia kuvuta. Wapi. Kisha dereva akanusa upepo, akaingia garini bila kuaga, akaondoka.

Jua lilipoegemea baharini, Losalin alichukua ufagio, akaifagia njia. Akapanga majani ya laplapu chini ya kibao, mengi, kuliko watu wa kijiji. Iolu alimfuata nyuma, akimwita kwa jina, akimwita mama, akimwita kila jina aliloliweza.

Losalin akageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, lakini sauti ilikuwa changamfu, na lafudhi haikuwa yake.

"Mlima wameshauona," alisema. "Wanauliza, leo tunawapeleka wapi?"