Gitaa Lisilo na Waya

"Anaigiza huyo! CD hiyo!"

Loisi alisema kwa sauti, wala hakujali nani amesikia. Uwanja wa shule pale Sogea, Tunduma, ulikuwa umefurika tangu saa nane mchana. Walikuwapo akina mama wa Nakonde waliovuka mpaka na vitenge ambavyo havijawahi kuona maji, madereva wa malori waliochoka kukaa foleni, na vijana wa Majengo waliovaa miwani ya jua ilhali mawingu yametanda. Jukwaani kijana mwenye suruali iliyombana alikuwa akiruka kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto, huku wimbo wake ukitoka kwenye spika umenyooka kama rula.

"Umejuaje, dada?" aliuliza mwanaume aliyesimama pembeni yake.

Loisi aligeuka. Muulizaji alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, raba zenye vumbi jekundu, na mfuko mweusi wa gitaa mgongoni.

"Sikiliza pumzi," Loisi alimjibu. "Anaruka tangu wimbo uanze, na bado anavuta 'nakupendaaa' kama amelala chali. Halafu wimbo huu nimeusikiliza bure mtandaoni wiki nzima. Ubeti wa pili anakohoa kidogo. Na leo amekohoa palepale!"

Yule kijana alicheka mpaka mfuko ukamtikisika mgongoni. "Unasikiliza mpaka kikohozi cha watu?"

"Nasikiliza kila kitu."

"Sasa kama unamdharau hivyo, kilichokuleta ni nini?"

"Huwezi kumdharau mtu vizuri ukiwa nyumbani."

"Basi mimi naogopa hata kujitambulisha," alisema. "Naitwa Gwamaka, natokea Ileje. Napiga gitaa la solo bendi ya Mpemba Sauti. Jumapili tunapiga Chapwa, saa tisa. Njoo unidharau kwa karibu."

Dharau Loisi alikuwa nazo za kugawia mkoa mzima zikabaki. Aliwadharau waalikwa wa viti vya mbele, wanaokula mishkaki wameupa muziki mgongo. Aliwadharau washereheshaji wanaopiga kelele juu ya wimbo. Lakini waliomchefua hasa ni wale wanaonyanyua simu mwanzo hadi mwisho wa onesho, wakalitazama tamasha zima kupitia kioo kidogo kuliko kiganja. "Wamekuja kuiba, hawakuja kusikiliza," alizoea kumwambia Jenista, aliyekaa naye meza moja kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Na huku akisema hivyo, sikioni mwake, chini ya nywele zake za bandia, kulikuwa na kisikilizio kinachomiminia nyimbo za bure, za Mpemba Sauti zikiwemo, kuanzia asubuhi hadi ofisi inafungwa. Muziki wa bure aliuona haki yake kama hewa. Nani alilipa kuutengeneza? Swali hilo halikuwahi kupita karibu naye.

Jumapili alikwenda Chapwa. Alivaa gauni la njano na viatu vya chini, akafanya alichokifanya kwenye kila onesho: akasimama karibu na spika ya kushoto, akaupa mgongo jukwaa, akafumba macho. Gwamaka alipoanza kupiga, vinyweleo vya mikono ya Loisi vilisimama. Gitaa lile lilikuwa na makosa madogomadogo, vidole vinateleza, nyuzi zinalia, na kila kosa lilikuwa ushahidi kwamba kuna mtu anapiga, sasa hivi, kwa mikono yake.

"Umesemaje, hakimu?" Gwamaka alimuuliza baadaye, jasho linamtoka.

"Wimbo wa tatu uliteleza."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara tatu," alisema Gwamaka akitabasamu. "Moja nimekuibia."

Hapo ndipo Loisi alipopenda. Alikuwa hajawahi kukutana na mwanaume anayejiongezea makosa.

Miezi minne ikapita kwa simu za mchana na chai ya maziwa kwenye kibanda kilicho nyuma ya stendi. "Mamii, umekula?" "Nimekula, baba. Na wewe umefanya mazoezi?" "Nimekuwa nikikuwaza, nyuzi mbili zimekatika." "Mwongo! Nyuzi zako za bei rahisi hizo, usinisingizie." Jenista alizoea kuziba masikio. "Nyie wawili," alisema, "mnapendana kama mnagombana." Loisi akafika mpaka kumwambia mama yake kule kijijini Ruanda kwamba yupo kijana, mwenye heshima, anayepiga gitaa kwa kweli. Neno hilo, kwa kweli, alilikazia kana kwamba mama yake angejua tofauti.

Kisha akaja Sado Bilionea.

Jina lake la kanisani ni Sadoki, na kazaliwa Mlowo, jirani tu hapo. Lakini miaka mitano ya Dar ilikuwa imemfanya aongee Kiswahili cha puani na asahau Kinyiha cha bibi yake, isipokuwa anapoomba kitu. Alirudi na magari mawili meusi, cheni ya shingoni nene kama mnyororo wa lori, na ziara ya mikoa ya Nyanda za Juu. Hakuwa na bendi. Bendi, kwake, ilikuwa kama maua mezani, na maua hutafutwa hapohapo ulipo. Akawachukua Mpemba Sauti.

"Tunakwenda kumpigia Sado Vwawa, Jumamosi," Gwamaka alimwambia Loisi kwenye simu. Sauti yake haikuwa na furaha ambayo Loisi aliitarajia.

"Laivu?"

Kimya kidogo. "Njoo tu, mamii. Tutaongea."

Loisi hakusikia kile kimya. Mtu anayesikia kikohozi cha ubeti wa pili hakukisikia. Aliwakusanya wafanyakazi wenzake sita, akawapa hotuba njia nzima toka Tunduma. Leo mtamwona mwanaume, aliwaambia. Leo mtasikia gitaa.

Uwanja wa Vwawa ulikuwa umejaa, jua la saa kumi linachoma. Sado alipanda na koti la manyoya, kwa jua lile, akafungua mdomo, na sauti ikatoka nusu sekunde kabla ya mdomo. Nyuma yake walijipanga Mpemba Sauti, mashati ya rangi ya dhahabu yanayong'aa kama karatasi za pipi. Gwamaka alikuwa wa pili kushoto. Alikuwa anapiga, anatabasamu, anayumba kidogo mabegani kama alivyofundishwa asubuhi.

Loisi hakuupa mgongo jukwaa siku hiyo. Alitazama. Alitazama pale chini ya gitaa panapochomekwa waya, akaona tundu tupu.

"Loisi," Jenista alinong'ona, "mbona gitaa lake halina waya?"

Wenzake waliangua kicheko. Aibu ilimpanda usoni kama moto wa mabua, na aibu ya Loisi haikujua njia nyingine ya kutokea ila dharau. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinyanyua simu kwenye tamasha. Akamrekodi mpenzi wake: vidole vinavyokimbia, tabasamu, lile tundu tupu. Akaandika chini yake, "Mpiga gitaa hewa", akairusha kwenye kundi la ofisi.

Mpaka Jumatatu mchana video ilikuwa imefika Mlowo, imevuka Nakonde, imepanda milima ya Ileje. Watu waliiongezea muziki wa vichekesho. Ilitazamwa bure, na kila mtu.

Gwamaka alipiga simu saa saba.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Kwani ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi unalalamika nini? Umesimama mbele ya watu unawadanganya. Una tofauti gani na yule wa Sogea?"

"Tofauti ni kwamba yule hukumwambia mama yako habari zake." Sauti yake ilikuwa imeshuka na lafudhi ya Ileje ilikuwa imezidi, kama ilivyokuwa kila alipoumia. "Jumapili ile kabla Sado hajatuita, Chapwa tulipiga kwa watu kumi na mmoja, Loisi. Wewe ukiwemo. Wengine wanatusikiliza mtandaoni, wanatuandikia 'moto, moto', wanalala. Sijamlaumu mtu. Wewe mwenyewe uliniambia umetusikiliza miaka miwili bure kabla hujanijua, nikafurahi. Lakini Sado alipotuita, bendi ilikuwa karibu kufa. Nikavaa shati lake. Nilitaka kukueleza uso kwa uso, wewe ukaja na watu sita na simu."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Na wewe ungeniuliza." Akavuta pumzi. "Mama yangu ameoneshwa ile video kanisani, baada ya ibada ya akina mama. Ameniuliza, Gwamaka, mwanangu, wewe hujui kupiga?"

Simu ikakatika.

Loisi alishinda wiki tatu akiwa na kiburi asubuhi na machozi jioni. Alijaribu kusikiliza nyimbo za Mpemba Sauti mtandaoni, zote zilikuwapo palepale, bure, hakuna aliyemzuia. Gitaa lilipoanza alizima. Jenista alimtazama siku mbili, tatu, akashindwa kuvumilia.

"Dada, wewe unawadharau wanaorekodi matamasha, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi tuseme umepata mtu mpya wa kumdharau."

Loisi alivuta karatasi za lori lililofuata, akazigonga mhuri juu chini.

Jumamosi ya mwisho ya ziara, Sado alikuwa Sumbawanga, na tamasha likarushwa mubashara mtandaoni. Ofisi ilikuwa na kazi za jioni, malori kumi yanasubiri karatasi. Loisi aliweka simu nyuma ya kikokotoo, akajidai anaangalia saa. Sado alitokea na kofia ya pembe. Mashati ya dhahabu yakajipanga. Kamera ikapita haraka mbele ya wanamuziki, na Loisi akaishika simu kwa mikono miwili.

Chini ya gitaa la Gwamaka kulikuwa na waya.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha, katikati ya kiitikio, gitaa lilipasua ile CD kama jogoo ndani ya kanisa. Halikuwa na adabu wala halikungoja mtu. Lilipanda, likateleza, likalia, likasonga mbele. Sado alishtuka akafunga mdomo, na sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye. Watu wa Sumbawanga wakalipuka kwa kelele. Hawakumshangilia Sado. Maoni yalimiminika kwenye kioo: nani huyo? mtoeni! mwacheni! huyo ndiye anapiga!

Zilikuwa kama sekunde ishirini. Kisha mtu mwenye shati jeusi akaonekana akivuta waya, na matangazo yakakatwa, likaja tangazo la sabuni.

"Wamemfukuza," Jenista alisema. Alikuwa amesimama nyuma ya Loisi muda wote.

"Najua."

"Sasa unalia nini?"

"Ameteleza mara nne," alisema Loisi, na hapo akashindwa kabisa kujizuia.

Kesho yake alikuwa stendi ya Tunduma tangu saa tano asubuhi. Alivaa lile gauni la njano, akaona ni ujinga, akalifunika kwa kitenge. Basi la Sumbawanga liliingia saa nane. Gwamaka alishuka wa mwisho, mfuko wa gitaa mgongoni, macho mekundu kwa vumbi la safari. Waendesha bodaboda walimtambua mara moja.

"Oyaa, gitaa hewa!" alipaza mmoja. "Leo umeliacha wapi la kweli?"

"Tupigie hewa tuicheze, bro!" Wakacheka wote.

Gwamaka alipita bila kuwatazama. Loisi akasimama mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno mazuri usiku kucha, yenye mpangilio, na yote yalimtoroka. Akageuka kwa wale bodaboda.

"Mimi ndiye niliyeirekodi ile video!" alisema, kwa sauti ileile aliyozoea kuwasemea wengine. "Mimi, mpenzi wake. Na huyu anapiga kuliko yeyote mnayemlipia kiingilio. Nilimdharau kabla ya kumuuliza. Nichekeni mimi."

Kicheko kilipungua, kikabaki kwa wawili, kikaisha. Mama mmoja wa Nakonde aliyekuwa anauza ndizi alitikisa kichwa. "Bamayo, mama wewe," alimwambia Loisi, "mwambie yeye, hao wa nini?"

Loisi alimgeukia Gwamaka. Sasa sauti haikutoka vizuri.

"Nisamehe."

Gwamaka alifuta vumbi machoni. Alionekana amechoka, na mzee kidogo kuliko mwezi uliopita.

"Mama yangu ndiye aliyeaibika," alisema. "Mimi nimezoea."

"Nitakwenda Ileje. Nitamwambia mwenyewe."

"Peke yako?"

"Hata kwa miguu."

"Atakupikia, halafu atakusema mpaka chakula kipoe."

"Nitakaa nisemwe."

Gwamaka akashusha mfuko wa gitaa begani, polepole, akauweka chini kati yao. Loisi hakujua kama ni kwa uchovu au ni jibu.

"Jana uliona?" Gwamaka aliuliza, akiangalia viatu vyake.

"Niliona. Kazini, nimejificha." Akafuta macho na ncha ya kitenge. Alitaka kusema jambo tamu, lakini hakuwa na mazoea ya uongo. "Kwenye kiitikio uliwahi. Kwa nusu pigo."

Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, uso wa Gwamaka ulifunguka.

"Mimi sikuwahi, mama," alisema, akimkabidhi mkanda wa mfuko wa gitaa ambebee. "CD ndiyo ilichelewa. Twende. Basi la Ileje linaondoka saa tisa."