Mtapo wa Walburga na Mmea wa Kutambaa

Kila asubuhi Walburga alifagia uwanja wake kabla ya kwenda shambani. Alianza mlangoni, akapita chini ya kichanja cha vyombo, akamalizia kwenye mti wake wa mtapo. Hapo alifagia taratibu zaidi. Kisha alichota maji kwa kopo, akamwagia shina lake.

Mtapo ule ulipandwa na Cleopa, mwanawe wa pekee. Aliuleta kutoka misheni akiwa kijana, ukiwa mdogo kama kitunguu kikubwa. Sasa shina lake lilikuwa nene, fupi, lenye magamba. Majani yake yalikuwa marefu na magumu, kama ya michikichi ya kule ziwani. Cleopa mwenyewe alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita. Aliumwa muda mrefu, akakonda, akaisha. Watu wa kijiji chao cha Matiri hawakuutaja ugonjwa wake kwa jina.

Cleopa hakuacha mtoto. Aliacha mke, Edina. Edina hakurudi kwao. Alibaki na mama mkwe wake, wakalima kahawa na mahindi pamoja. Lakini sasa Edina naye alikuwa ameanza kukohoa.

Zamani mtapo ulikuwa na majani mengi, zaidi ya thelathini. Sasa yalibaki manne. Kijiji kizima kilikuwa na mtapo huo mmoja tu. Jumapili ya Matawi ikifika, watu walikuja kukata. Mtu akifa, walikuja kukata, wakatandaza majani juu ya jeneza. Mwanzoni misiba ilikuwa michache, na Walburga alitoa kwa moyo mmoja. Alidhani mti utachipua tu. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao kununua kahawa. Bei ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Misiba haikushuka. Wakati mwingine Matiri ilizika watu wawili kwa wiki moja.

Mwezi wa pili, mchana mmoja wa mvua, Luisa alifika uwanjani. Luisa alikuwa jirani wa upande wa juu. Usiku uliopita mtoto wake Tadea, wa miaka sita, alikuwa amekufa kwa homa. Kwa kawaida mfiwa hatoki msibani. Luisa alitoka mwenyewe kwa sababu hakuwa na ndugu wa kumtuma.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Asante. Nimekuja kuomba majani ya kumfunika Tadea."

Walburga aliutazama mtapo. Aliyahesabu yale majani manne, ingawa idadi aliijua.

"Luisa, mti huu unakufa. Haya yakikatwa, basi tena."

"Jeneza ni dogo, mama. Mawili yanatosha."

Walburga alitaka kusema, chukua. Lakini maneno yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Sitoi. Huyu ndiye Cleopa wangu. Sina mwingine."

Luisa alijifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Edina alikuwa amesikia yote kutoka ndani.

"Mama, umemnyima mfiwa," alisema.

"Najua nilichofanya," alijibu Walburga, akaingia jikoni.

Tadea alizikwa kwenye jeneza jeupe la mbao, bila hata jani moja. Walburga alikwenda kuzika. Alipokaa, wanawake walisogea, wakamwachia mkeka peke yake. Hakuna aliyemtukana. Aliona aibu mpaka akashindwa kuimba.

Mwezi wa tatu ulifika, wakati wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya mlimani yanayoshika maji ya mvua, ili kupanda maharage. Kazi hiyo ni nzito, na mlima wa Walburga ni mkali. Kila mwaka majirani walimfanyia ngokela, yaani walikuja wote kumchimbia siku moja, naye akaenda kuwachimbia wao siku zao. Safari hii alipika ugali na maharage ya watu ishirini. Akasubiri. Jua likapanda. Hakuja mtu.

Walburga alichukua jembe lake, akaanza kuchimba. Edina alitaka kusaidia, lakini kikohozi kilimkalisha chini.

"Pumzika, mwanangu," alisema Walburga. "Hili nimejitakia mwenyewe."

Karibu na saa nne akatokea mtu mmoja. Alikuwa mzee Nazari wa bondeni. Nazari alifanya kazi ya bustani kwenye shamba la serikali kwa miaka ishirini. Shamba lilipouzwa, wafanyakazi walipunguzwa, naye akarudi nyumbani na mkasi wake. Siku hizi aliotesha miche na kuuza sokoni Mbinga.

"Habari za kazi, Mama Cleopa?"

"Kama unavyoziona, Bwana Nazari. Wewe hukusikia nilichofanya?"

"Nilisikia. Nikaona bora nije nione huo mti wenyewe. Lakini kwanza tuchimbe."

Wakachimba mpaka mchana. Baada ya kula, Nazari alikwenda kwenye mtapo. Alipiga magoti, akabonyeza shina kwa kidole gumba, kuanzia juu mpaka chini. Akaondoa udongo uliorundikwa chini yake.

"Bado mgumu," alisema. "Ungekuwa laini, ningekwambia uung'oe. Nani anaumwagia maji?"

"Mimi. Kila siku."

"Hata masika hii?"

"Hata masika. Nauhurumia."

"Huruma hiyo inauozesha. Mtapo hupenda udongo usiotuamisha maji. Acha kabisa, mpaka kiangazi. Na udongo usiurundike shinani." Akafuta mikono. "Haya, majani. Kwa nini uliruhusu yakatwe yote?"

"Nilijua yatachipua. Kahawa ikizeeka tunaikata mpaka kisiki, na inachipua vizuri kuliko mwanzo."

Nazari alitikisa kichwa.

"Hapo ndipo sisi watu wa kahawa tunapokosea. Tunadhani kila mti ni mbuni. Mtapo hautoi matawi. Una moyo mmoja tu, huu hapa juu. Hutoa majani ya mzunguko mmoja kwa pamoja, labda mara moja kwa mwaka. Mwaka mwingine hautoi kabisa. Majani hayo ndiyo yanayoupikia chakula. Ukiyakata yote, mti unakula akiba iliyo shinani. Mwaka wa kwanza unavumilia. Wa pili unavumilia. Akiba ikiisha, unakufa umesimama."

Walburga alikaa chini kwenye udongo.

"Kwa hiyo nimeuua mwenyewe."

"Haujafa. Uache na majani yake manne, nawe ungoje. Lakini watu wataendelea kufa, Mama Cleopa, na watahitaji kitu cha kuweka makaburini. Lazima upande mmea wa kutoa."

"Mmea gani?"

"Ule wa kutambaa, wenye maua ya rangi ya chungwa. Uko kwenye uzio wa masista. Tabia yake ni kinyume cha mtapo. Huo hukua kwa ncha, kila siku. Ukikata ncha moja, zinatoka mbili. Ukikatwa sana baada ya maua, mwaka unaofuata unachanua zaidi. Vikonyo vyake ni laini, vinasukika kuwa shada."

"Basi bora ningepanda huo, nikaachana na mtapo."

"Sikusema hivyo. Mtapo hauna usumbufu. Haupandi juu ya kitu, hauhitaji mkasi, na utaishi kuliko sisi sote. Mmea wa kutambaa ni msumbufu. Una mikono midogo, hushika chochote. Ukiuacha kwenye paa, utaliozesha. Ukiuacha karibu na kahawa, utaifunika isione jua. Lazima uujengee kichanja chake, na uukate kila mwaka. Mmoja ni wa kukaa, mwingine ni wa kutoa. Wewe ulitaka mmoja ufanye kazi zote mbili."

Kisha akaongeza, "Na jambo lingine. Mtapo wako ukiwa jike, siku moja utazaa mbegu kubwa nyekundu. Zina sumu. Ziokote uzifukie, watoto na mbuzi wasizile."

Wiki iliyofuata Nazari alileta miche miwili ndani ya makopo. Walijenga kichanja cha miti upande wa barabara, mbali na nyumba na mbali na kahawa. Wakapanda mche mmoja chini yake. Edina alishika mche usilale, Walburga akasindilia udongo.

Mche wa pili Walburga aliupeleka kwa Luisa. Alimkuta anaanika mahindi.

"Luisa, nimekuja kuomba radhi. Nilikosa. Ulikuja na msiba, nikakufukuza."

Luisa aliendelea kutandaza mahindi.

"Nimesikia, mama," alisema mwishowe.

"Nimekuletea mmea. Usiupande juu ya kaburi, utafunika msalaba. Panda pembeni, uujengee kichanja. Nazari atakuonyesha."

Luisa alilipokea kopo kwa mikono miwili. Hakumkaribisha akae. Walburga akarudi nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza ziliponyesha, Edina alimwita mama mkwe wake nje. Katikati ya mtapo palikuwa na majani mapya, yamesimama, laini, yamejikunja kwenye ncha. Waliyahesabu. Yalikuwa kumi na manne. Walburga alilia pale pale uwanjani, na hakujificha.

Jumapili ya Matawi ya mwaka uliofuata watu waliingia kanisani na matawi ya mmea wa kutambaa, bila maua, kijani tupu. Hakuna aliyegusa mtapo. Mwezi wa tatu majirani walirudi kwenye ngokela ya Walburga, na Luisa alikuwa kati yao. Hakuzungumza sana, lakini alichimba mpaka jioni.

Edina hakuchimba. Alikuwa hawezi tena kupanda mlima. Walburga alimwogesha, alimlisha uji, alimgeuza kitandani. Mwezi wa saba, wakati kahawa ilikuwa nyekundu mitini, Edina alikufa.

Asubuhi ile kichanja hakikuonekana miti yake. Maua ya rangi ya chungwa yalikuwa yamekifunika chote, yakaning'inia mpaka barabarani. Luisa alikuwa wa kwanza kufika, na kisu mkononi. Hakuuliza. Alikata matawi, akakaa chini, akaanza kusuka shada. Wanawake wengine walikaa karibu naye. Kazi ikaenda haraka, na maua hayakuonekana kupungua.

Walburga alitoka ndani na panga. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtapo, akashika majani mapya. Luisa aliweka shada chini, akamfuata, akamshika mkono.

"Acha, mama. Maua yapo mengi."

"Ni mke wa Cleopa," alisema Walburga. "Atakwendaje bila jani la Cleopa?"

Luisa aliinama. Aliinua majani mapya kwa mkono, akatazama chini yake. Yale manne ya zamani yalikuwa bado pale, yameinamia ardhini.

"Kata hili la chini," alisema. "Mzee Nazari anasema kukata ya chini, yaliyozeeka, hakuudhuru mti wenye majani mengi."

Walburga alikata jani lile moja. Akalishika. Kisha akakumbuka ni jani gani.

"Hili ndilo ulilomwombea Tadea," alisema.

"Ndiyo, mama."

Walburga aliinama tena, akakata jani la pili. Akampa Luisa.

"Tukitoka kumzika Edina," alisema, "tutapita kwa Tadea."

Jioni ile walikwenda wote wawili. Luisa aliweka jani juu ya kaburi dogo, akaliwekea jiwe lisipeperuke. Mtapo ulibaki na majani kumi na sita, na mwaka uliofuata ulitoa mengine.