Kibanda cha Riali

Riali ilikuwa imegeuka. Aziza aliiacha ikimwonyesha malkia mnene mwenye shela, akaenda jikoni kuepua sufuria ya mboga ya sombe, na aliporudi malkia alikuwa kifudifudi. Juu alikuwapo yule tai wa vichwa viwili wa upande wa pili.

"Baba Malaika!" aliita. "Ni weye unachezea hii feza tena?"

Mahamudu, mume wake, alikuwa ameondoka na pikipiki alfajiri kupeleka abiria hadi Wamaza. Au ndivyo alivyosema.

Riali, sarafu za fedha za zamani, zilikuwa tano. Mahamudu alizikuta ndani ya chungu alipokuwa akichimba choo kipya nyuma ya nyumba ya babu yake, hapa hapa Kasongo. François, mtu wa Bukavu anayeuza sarafu za kale kwenye mnada wa mtandaoni, alikubali kuzitafutia mnunuzi, lakini masharti yake yalikuwa mengi kuliko ya posa. Zisioshwe. Zisipigwe picha kwa flashi. Kivuli kisionekane, na kila unywele wa malkia uhesabike.

Aziza alikuwa mpiga picha. Sebule yake ndiyo ilikuwa studio, na nusu ya kadi za wanafunzi za mtaa huo zilibeba sura alizozipiga yeye. Lakini fedha ina kiburi. Jua likiipiga moja kwa moja, inang'aa mpaka malkia anaonekana ana ndui. Basi akafunga fito nne, akazivisha bafta nyeupe pande tatu na juu, akaacha mlango mmoja mbele, akakiweka kile kibanda chini ya dirisha la mashariki. Kila siku saa tatu asubuhi, mwanga ukilainika ndani ya kitambaa, aliweka riali moja katikati, juu ya kisahani. Jioni aliitoa akaifungia kabatini. Picha zilitoka safi hata François mwenyewe, asiyesifu kitu, akasifu.

Mharibifu alikuwa Mahamudu. Mikono yake haikuisha oili ya pikipiki, na alishika sarafu kama anayevunja karanga. Aziza alimwambia mara mia: shika pembeni, pembeni! Wapi. Kila alipoigusa riali, dole gumba lake lilibaki shavuni kwa malkia, na Aziza akilikuta kwenye picha alimcheka mpaka naye acheke.

Lakini siku hizi Aziza hakuwa akicheka. Kwanza riali hii iliyogeuka. Kesho yake, akiwa amegeuka kufuta kioo cha simu, alisikia fedha ikigonga kisahani, ting, mara moja tu. Kukaja na harufu ya udongo mbichi, kama ya shimo lililochimbwa sasa hivi, na mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Aziza aliamini kitu kimoja: mumewe ananyemelea riali azipeleke Salamabila, kwa wanunuzi wa dhahabu, amzunguke yeye na François wake. Alianza kulala na ufunguo wa kabati kiunoni.

Siku ya nane alipiga picha, akaikuza kwenye simu, akasogea taratibu kutoka shavu la malkia hadi ile sehemu tupu inayong'aa karibu na bega, mahali ambapo fedha hukamata vilivyo mbele yake, akaona kilemba chake mwenyewe, akaona simu na vidole vyake, na nyuma ya kilemba chake, karibu kiasi kwamba pumzi ingemgusa shingo, akaona uso wa Mahamudu umeinama, unacheka. Akageuka. Sebule ilikuwa tupu, na harufu ya udongo ilikuwa imejaa mpaka kooni.

Jioni Mahamudu hakupewa hata maji.

"Saa tatu uliingia hapa."

"Saa tatu nilikuwa Wamaza! Uliza abiria."

"Sura yako iko ndani ya picha, Baba Malaika. Ao uko na pacha?"

Mahamudu akaitazama ile picha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililopaswa kumshtua Aziza. Aliogopa.

"Hii si miye," alinong'ona. "Angalia vile inacheka. Miye nachekaka vile?"

"Mwizi anachekaka namna yote."

Neno likishatoka halirudi kinywani. Mahamudu alichukua koti lake, akambusu mtoto wao, Malaika, aliyekuwa amelala, akawasha pikipiki kwenda kwa kaka yake huko Kabambare. Laiti Aziza angeikagua riali yenyewe! Haikuwa na alama ya dole gumba. Lakini hasira ilimjaa, hakuangalia.

Asubuhi alikuja Mama Anastasie, mzaliwa wa Wamaza, anayeuza mchele na ambaye watu humwita kimya kimya mgonjwa akishindikana hospitali. Alifika mlangoni na beseni kichwani, akakwama pale pale.

"Aziza, mutoto yangu. Nani alijenga ile?"

"Ni miye. Ni ya kupigia picha."

"Picha." Alitua beseni bila kuondoa macho kwenye kibanda. Sauti ikashuka. "Kwetu wazee wakitaka kumukaribisha pepo, wanamujengeaka nyumba kidogo. Fito ine. Kitambaa nyeupe. Mulango moja. Wanamuwekea feza ndani, asubuhi, saa ile ile. Umeweka siku ngapi?"

"Nane... leo tisa."

"Na jioni unaitoa?"

"Naitoa, mama."

"Basi unamupa na unamunyang'anya. Na amekwisha kujua watu wa nyumba."

Aziza aliketi chini. Mume wake hakuwa mwizi. Alimfukuza kwa kosa la mwingine, na huyo mwingine alikuwa amekaa naye sebuleni siku zote hizo.

Walikichoma kibanda uani. Bafta iliungua bila moshi. Mama Anastasie alizifukia riali ndani ya bakuli la chumvi: zikae humo mpaka Mahamudu, aliyezichimba, azirudishe shimoni kwa mkono wake.

"Siku saba itatafuta nyumba ingine," alisema. "Mutu akipiga hodi, usiseme karibu. Mwenye nyumba hapigaki hodi kwake. Anaingia tu."

Aziza alimpigia Mahamudu, akalia kwenye simu, akaomba msamaha mpaka salio likaisha. Alisikia tu: "Nakuja. Huku mvua imenyesha, barabara ikikauka nakuja." Siku nne hakumkaribisha mtu yeyote. Majirani wakasema ana majivuno.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, hodi ikapigwa. Alichungulia. Lilikuwa koti lile lile, na mabega yale yale aliyoyalilia.

"Karibu!" Neno lilimtoka kwa furaha tupu. "Karibu, Baba Malaika, karibu!"

Akaingia, akaketi kwenye kiti chake.

"Pikipiki iko wapi?"

"Ilikufa njiani." Akatazama huku na huku. "Mutoto iko wapi?"

"Analala mule chumbani."

Aziza akaleta bakuli. Akachimbua riali kwenye chumvi, na mume wake akaipokea, akamkandamiza malkia shavuni kwa dole gumba, kama kawaida yake. Machozi yakamtoka Aziza kwa mapenzi.

"Pembeni! Shika pembeni, weye!"

Akacheka. Kicheko hicho Aziza alikuwa amekiona mahali. Akaichukua riali taratibu mkononi mwake, akaenda nayo dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga huku na huku, akitafuta oili, akitafuta mistari ya kidole, akitafuta ukungu hata kidogo wa jasho la mtu. Shavu la malkia lilikuwa safi. Harufu ya udongo mbichi ikapanda.

Alipogeuka kiti kilikuwa kitupu, na pazia la chumba cha Malaika lilikuwa bado linacheza.